Natetea watoto wa watu, nyumbani kwangu nimegeuka askari

BARUA

Shikamoo Mama. Naomba usiandike jina langu wala wilaya yangu, huku tunajuana wote.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, wa kiume wa miaka tisa na wa kike wa miaka mitano. Huu ni mwaka wangu wa kumi kazini.

Watu wakisikia ustawi wa jamii wanadhani ni kugawa mablanketi. Kazi yangu hasa ni watoto: waliopigwa, waliotelekezwa, waliobakwa, wanaolala stendi, wanaogombaniwa na wazazi walioachana. Taarifa ya 116, ile namba ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, ikishushwa wilayani, inaishia kwangu. Wa dawati la polisi wakiokota mtoto usiku, wananipigia mimi. Wenyeviti wa vijiji, walimu wakuu na wauguzi wa zamu wote wana namba yangu. Tunaoshughulika na watoto tupo wawili, na mwenzangu yuko masomoni. Gari lipo, mafuta ndiyo shida, kwa hiyo mara nyingi ni bodaboda kwa hela yangu, na bodaboda hatoi risiti.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilimtoa mtoto wa kiume wa miaka sita kwenye nyumba ambayo sitaki kuieleza. Tukampatia mlezi wa kuaminika, mama mmoja mjane, kata ya mbali. Tulikwenda kwa pikipiki, mtoto katikati, kandambili kazishika mkononi safari nzima akiogopa zisidondoke. Nilipokuwa naaga akaniuliza, "Utakuja lini?" Nikamjibu, "Jumatatu." Mama, sikuwa na Jumatatu yoyote niliyoipanga. Ilinitoka tu, kama inavyotutoka kwa watoto. Jumatatu ile nilikuwa mahakamani. Iliyofuata tulikuwa na ugeni wa mkoa. Nimekwenda baada ya wiki tano. Yule mama akanisimulia kwamba mtoto kila asubuhi alikuwa anauliza leo ni siku gani. Akiambiwa Jumatatu, anaosha kandambili zake, anakaa mlangoni. Nilipofika hakunilaumu hata kidogo. Alizinyanyua akanionyesha. "Ni safi," akasema.

Usiku ule nililia mpaka nikatapika. Sijalia tena kwa ajili ya kazi tangu siku hiyo.

Mwezi uliopita niliitwa hospitali, binti wa miaka tisa. Daktari anajaza PF3, ile fomu ya polisi, na muuguzi mmoja, mtu mzima aliyeona mengi, akatoka nje kufuta machozi. Mimi nilikuwa nawaza kama mama ntilie wa getini bado ana wali, maana ilishafika saa tisa na sijatia kitu tumboni. Fomu zangu nilizijaza vizuri, mwandiko umenyooka. Nilipokuwa narudi ofisini ndipo nikajiuliza, hivi mimi nimekuwa mtu wa namna gani?

Na cha ajabu, huruma imekauka kazini lakini nyumbani imegeuka hofu. Tunaishi na mdogo wake mume wangu, kijana wa miaka 22, anasoma chuo cha ufundi. Ni mpole, ndiye anayemfuata binti yangu shule ya awali. Sina kosa lake hata moja. Lakini kila jioni namwogesha binti yangu mwenyewe na kumkagua mwili mzima kwa tochi ya simu, huku namuuliza maswali yale yale ninayowauliza watoto ofisini, na kwa sauti ile ile ya ofisini. Wiki iliyopita, kabla sijasema neno, aliinua mikono mwenyewe akaanza kugeuka taratibu, kama mtu anayekaguliwa getini. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mbele ya mtoto hakusema kitu. Usiku akaniambia, "Hapa si mahabusu. Mdogo wangu unamtazama kama mtuhumiwa, na yeye analijua hilo. Hiyo kazi iache, au uniambie umeona nini." Niliyoyaona kazini siwezi kumwambia, ni siri za watoto. Na kwa mdogo wake sijaona kitu.

Sasa kuna shirika limenipa nafasi mkoani, kukaa ofisini kukusanya takwimu na kuandika ripoti za mradi wa lishe. Mshahara unakaribia mara mbili ya ninaoupata, mkataba wa miaka miwili. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema riziki imejileta yenyewe. Mama yangu mzazi anasema Mungu akikukabidhi yatima hukimbii. Mkuu wangu nilipomgusia alicheka: "Wewe ni chuma bwana. Ukiondoka, nani atakwenda?"

Hilo ndilo linaninyima usingizi, maana ni kweli. Shauri la yule mtoto wa kandambili halijaisha mahakamani, bado yuko kwa yule mama. Nikiondoka, si ndiyo nimemwambia Jumatatu nyingine? Na nikibaki, huyu wangu anayejifunza kuinua mikono nitamjibu nini? Nisaidie.

Askari wa nyumbani, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwenye kandambili niliiweka mezani kwanza, nikaenda kuzima jiko, ndipo nikarudi.

Nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nilipokosea. Swali uliloniletea ni moja, niache au nibaki, lakini ndani yake nasikia matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Unaogopa kwamba roho yako imekufa. Unaogopa kinachotokea bafuni kwako kila jioni. Na unajiona una deni kwa mtoto mmoja. Juu ya mzigo huo shirika limekuwekea tarehe. Nadhani tukiifungua hiyo kamba tutaona kwamba kila kimoja kina dawa yake, na huenda kubadilisha kazi kukatibu kimoja na kuviacha viwili palepale.

Tuanze na ule wali. Ilikuwa saa tisa alasiri, hujala, uko kwenye chumba ambacho mtu mwenye mazoea nacho alishindwa kukaa. Akili yako ikaenda kwenye chakula. Wewe umelisoma hilo kuwa ni ukatili. Mimi nimelisoma kuwa ni mwili unaotafuta mlango. Mguu ukikaliwa muda mrefu tunasema umekufa ganzi, na kila mtu anajua kwamba haujafa. Mwaka 1992 muuguzi wa Marekani, Carla Joinson, aliandika kuhusu wauguzi wenzake waliokuwa wamechoka kwa namna hiyo, akaliita jambo hilo uchovu wa huruma. Miaka mitatu baadaye mwanasaikolojia Charles Figley akatoa kitabu kizima juu ya watu wanaoumia kwa kuwasikiliza walioumia. Kwa hiyo hukuanza wewe, na walioandikwa humo hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa ndio wanaokwenda wengine wasikotaka kwenda.

Lakini nisikupake mafuta tu. Ganzi ina hatari yake. Watoto husema kwa nusu neno, na mtu mwenye ganzi anaweza kulipita. Fomu ulizijaza vizuri, nakuamini, na yule binti alizihitaji ziwe vizuri. Alipokuwa anaongea, je, ulimsikia? Jibu la swali hilo unalo wewe, na litakusaidia kujua ganzi imefika wapi.

Kuhusu "mimi ni mtu wa namna gani", naomba uligeuze swali. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza uchovu wa kupindukia kwenye orodha yake ya magonjwa, lakini likafafanua kwamba wenyewe si ugonjwa, ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Sasa soma upya barua yako kwa jicho hilo. Watoto wa wilaya nzima, maafisa wawili, mmoja yuko masomoni. Mafuta hakuna. Namba yako iko kwa kila mwenyekiti, na simu haizimwi. Ukitoka kwenye chumba kama kile cha hospitali hakuna mtu ambaye kazi yake ni kukukalisha chini na kukuuliza, leo imekugusa wapi? Panapofanyika kazi hii kama inavyotakiwa, afisa ana msimamizi wa kitaaluma wa kuzungumza naye kila baada ya muda, si kuhesabu mafaili bali kumtazama aliyeyabeba. Wewe una mkuu anayekuita chuma. Hilo jina usilikubali. Chuma hakiombi likizo, ndiyo maana wakuu wanalipenda.

Halafu, barua ndefu yote hii haina neno likizo hata mara moja. Siku zako 28 za mwaka jana zilikwenda wapi?

Sasa twende nyumbani, na hapa natembea polepole kwa sababu nyumba yako siijui. Hofu yako haikutoka hewani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wewe umeziona sura za namba hizo kwa miaka kumi, na asiyeziona hana haki ya kukucheka. Ila fikiria na hili: kazi yako inakuletea nyumba zilizovunjika peke yake. Hakuna anayepiga 116 saa nane usiku kusema baba mdogo amemfuata mtoto shule, amembebea begi, wamefika salama. Nyumba hizo ndizo nyingi, wewe hazikupigii.

Sitakuambia "acha kumshuku shemeji yako", wala sitakuambia endelea. Nakuuliza: je, angekuwa ni mdogo wako wewe, toka nitoke, anayeishi hapo, tochi ingewaka? Ukiona ingewaka vilevile, basi huenda hofu hii inatoka ofisini, na yule kijana ameikuta tu njiani. Lakini ukikaa na nafsi yako ukagundua kuna kitu mahususi, mtoto amebadilika, kuna neno amesema, kuna jambo ulilipita haraka, basi usiliite uchovu. Mpe afisa mwingine, hata wa wilaya jirani. Daktari hampasui mwanawe, na wewe huwezi kuwa mpelelezi wa nyumba unayolala.

Ikiwa hakuna, kama unavyoniambia, bado una haki ya kuwa mama mwangalifu. Ila kuna tofauti kati ya kumlinda mtoto na kumpekua. Wewe huwafundisha watoto wa watu kwamba mwili wako ni wako. Binti yako anajifunza nini anapoinua mikono na kugeuka bila kuambiwa? Huenda anajifunza kwamba mtu mzima akiwasha taa, mwili ni wa kuonyeshwa. Najua ukilisoma hili litakuchoma, na si nia yangu. Nalisema kwa sababu nadhani uliliona wewe kabla yangu, ndiyo maana ukaliandika. Watu wengine hupata nafuu kwa kuweka taratibu za nyumba zinazomhusu kila mtu: mlango wa chumba cha watoto haufungwi, hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima, mtoto asiyetaka kukumbatiwa halazimishwi, awe ni baba mdogo, mjomba, jirani au bibi mwenyewe. Utaratibu wa wote haumtuhumu yeyote, na unalinda hata siku usiyokuwepo. Tochi haiwezi hilo.

Mume wako alisema, "niambie umeona nini." Wewe ulisikia anadai mafaili. Inawezekana alikuwa anakutafuta wewe. Siri za watoto zibaki siri, hapo uko sahihi kabisa. Lakini zako ni zako. Unaweza kumwambia kuhusu wali. Unaweza kumwambia kwamba huna usingizi, na kwamba ulijiogopa siku ile. Hakuna mtoto atakayetajwa hapo. Na huyo kijana naye ana lake: anakwenda kumchukua mtoto shule huku anahisi macho mgongoni. Kaka yake anaweza kukaa naye, mkiwa mmeshakubaliana nyinyi wawili mtakachosema, akamweleza kwamba shemeji yake amechoka na kazi, na kwamba hajatuhumiwa kitu.

Ndipo tufike kwenye ile kazi ya mkoani. Kutaka mshahara mzuri si dhambi, na aliyekaa miaka kumi hawezi kuitwa mkimbizi. Ila ipime kwa mizani zote. Mkataba ni wa miaka miwili, na mwanzoni mwa 2025 wote tuliona jinsi miradi iliyotegemea fedha za Marekani ilivyosimama kwa ghafla, watu wakaambiwa wabaki nyumbani. Uliza fedha ya mradi huo inatoka kwa nani na imethibitishwa hadi lini. Uliza pia kuhusu mafao: michango yako iko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, huko utahamia NSSF, ule wa sekta binafsi, na kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi ni vizuri ujue kwa maandishi miaka yako kumi itahesabiwaje. Lingine ni kwamba tochi inaweza kuhama na wewe. Ukikaa mezani na takwimu, jioni ikifika bado utakuwa na simu mkononi na kichwa kile kile. Kwa wengine ukimya wa ofisi ndio unaofungua yale waliyoyafunika, machozi yakaja miezi sita baadaye. Si lazima liwe jambo baya, lakini lisije likakushtua.

Kubaki kama ulivyo nako kuna bei, na umeshaanza kuilipa. Nisichokiona kwenye barua yako ni njia za katikati, labda kwa sababu mtu aliyechoka huona milango miwili tu. Je, shirika likiombwa wiki tatu zaidi litakataa? Likizo inaweza kuanza kabla ya tarehe hiyo, ili jibu litolewe na mtu aliyelala? Umewahi kuomba kwa maandishi, si kwa kugusia, afisa wa pili wakati mwenzako yuko masomoni, au kuwekwa kwa mwaka mmoja upande wa wazee na watu wenye ulemavu? Wanaweza kukataa. Utakuwa na nakala yenye muhuri, na utakuwa umewaonyesha kwamba chuma kinaongea. Kuna pia maafisa wenzako wa wilaya jirani wanaokula chakula chao saa tisa kama wewe. Mkikutana mara moja kwa mwezi kwa chai, bila wakuu na bila majina ya watoto, nadhani mtashangaa. Na usingizi ukiendelea kukimbia, hospitali ya rufaa ya mkoa ina watu wa afya ya akili. Unawapeleka watoto kwao, na wewe unaruhusiwa kukaa kwenye kile kiti. Yakikujia mawazo ya kutotaka kuishi, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri barua yangu.

"Nani atakwenda?" Swali zuri, lakini limepelekwa anwani isiyo yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka jukumu la kuwalinda watoto wa eneo kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Haikuandika jina lako. Wa kuulizwa nani atakwenda ni mkurugenzi. Hata hivyo sitakudanganya: ukiondoka, inawezekana kwa miezi kadhaa asiende mtu, na kuna mtoto ataumia kwa hilo. Hasara hiyo ni ya kweli. Ninachojiuliza ni kama ni haki ibebwe na mabega mawili ya mtu mmoja, na kama mabega hayo yataendelea kufaa kitu yakishavunjika. Mama yako mzazi nampa heshima yake, kukabidhiwa yatima ni jambo zito. Lakini na huyo wa miaka mitano umekabidhiwa, na wewe mwenyewe ulikabidhiwa kwa mtu.

Nimemwacha mwisho yule mwenye kandambili, kwa sababu naona yeye ndiye anayekuandikisha barua. Aliposema "ni safi" wewe ulisikia hukumu. Inawezekana. Lakini inawezekana pia mtoto alikuwa anakuonyesha kitu anachojivunia, mbele ya mtu aliyekuwa anamsubiri na ambaye hatimaye alikuja. Wiki zile tano hakuwa peke yake. Alikuwa na mama aliyemjibu kila asubuhi leo ni siku gani, asichoke. Siku za juma amezijulia pale. Hilo ni lako pia, wewe ndiye uliyempeleka.

Ukibaki au ukienda, nadhani kuna safari moja anakudai wewe mwenyewe, hata kama ni kwa bodaboda ya hela yako. Mwombe radhi kwa ile Jumatatu. Watoto wa miaka sita wanalielewa vizuri sana neno "nilikosea", ni sisi watu wazima tunaolinyima. Kama utakuwa umeamua kuondoka, taarifa yake ya mahakama iandike kabla hujaondoka, na anayekupokea mpeleke wewe, wakae pale mlangoni wote watatu waonane uso kwa uso. Kama utabaki, mwambie utakuja ila hujui siku.

Niandikie ukipata nafasi. Siku sikupangii.